Siku Mchungaji Gaillard Alipoingia Mapema

Mchungaji Ezra Lucius Gaillard anastaafu tarehe 31 Desemba 2006, akiwa ameitumikia mimbari ya Kanisa la Mount Nebo hapa Ashmead kwa miaka arobaini na minne, na kiti chetu katika Bunge la Carolina Kusini kwa miaka thelathini na miwili. Kiti alikwisha kukikabidhi mwezi uliopita. Mimbari ataikabidhi Jumapili hiyo ya mwisho wa mwaka, baada ya mahubiri ambayo mashemasi wamemwomba yasizidi saa moja. Amewajibu kwamba ataliombea jambo hilo.

Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi ya sherehe ya kumuaga, itakayofanyika Jumamosi inayotangulia, Shemasi Julius Prioleau, aliniomba niandike wasifu huu kwa sababu nilifanya kazi katika ofisi ya ubunge ya Mchungaji tangu siku ilipofunguliwa hadi siku tulipofunga masanduku. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule, na mwalimu hawezi kueleza jambo kwa mkato. Mniwie radhi. Chakula hakitapakuliwa kabla ya saa nane, kwa hiyo muda wa kusoma mnao.

Nianze na jambo ambalo wengi wenu mnalijua na mmekuwa na adabu ya kutolitaja. Nimemwonea wivu mtu huyu kwa karibu nusu ya maisha yangu. Kiti kile nilikitaka mimi. Nilikitaka kabla yake, nilijiandaa zaidi kuliko yeye kukipata, na siku kilipopatikana akakikalia yeye. Ningeweza kuandika kurasa hizi kana kwamba sivyo, lakini mngenusa.

Mchungaji alizaliwa mwaka 1929 kule Cutler Neck, mtoto wa sita wa Bwana Moultrie Gaillard, mgema utomvu wa misonobari, na Bi. Hagar, aliyefua nguo za nusu ya mji huu bila kukaribishwa kwa mlango wa mbele hata wa nyumba moja. Jeshini, kule Korea, alijifunza kunyoa, na unyozi ndio uliomlipia chuo cha theolojia. Hadi leo mwanamume wa kanisa hili akilazwa kitandani, Mchungaji hufika na mkoba wenye Biblia na mashine ya kunyolea. Wagonjwa kadhaa wameniambia kwa siri kwamba sala ilikuwa nzuri, lakini kunyolewa kulikuwa kuzuri zaidi.

Alikuja kwetu Septemba 1962. Sisi Wabaptisti hatuletewi mchungaji na askofu. Kanisa humwita lenyewe, kwa kura. Mwaka ule tuliwaalika wahubiri wanne, kila mmoja na Jumapili yake, tuwasikie. Yeye alikuwa wa tatu. Alihubiri dakika kumi na nane. Watu wakatazamana. Mama Sabra Ravenell, mkuu wa akina mama wa kanisa, aliyekaa benchi la mbele akiwa amevaa nyeupe kuanzia kofia hadi viatu, akasema kwa sauti iliyofika mlangoni, "Huyu mwacheni abaki. Kuku wangu hataungua tena Jumapili." Tukampigia kura tukidhani tumepata mtu wa maneno machache. Baadaye alitueleza kwamba siku ile alikuwa na homa.

Sauti yake mnaijua. Anaweza kusoma tangazo la kuuzwa kwa kiti kibovu cha sebuleni na mtu akatoa leso. Mungu alipogawa sauti, mimi nilipewa ya kusahihishia madaftari. Nimekaa nyuma ya sauti ile miaka mingi, nikaisikia ikiyasema maneno niliyoyaandika mezani kwangu, na mara nyingi sikuyatambua kwa jinsi yalivyopendeza.

Sasa inabidi nijieleze kidogo, maana bila hivyo yanayofuata hayataeleweka.

Kabla ya mwaka 1965, mtu Mweusi wa kaunti hii aliyetaka kujiandikisha kupiga kura aliwekewa kifungu cha katiba mbele ya karani, akisome na kukieleza. Karani ndiye aliyeamua kama kimeelezwa. Mwaka 1958 nilianza kuwafundisha watu vifungu vile kwenye meza ya jikoni kwangu, Jumanne na Alhamisi, baada ya kazi. Walikuja wavuna kaa, wapishi, wachimba makaburi. Mwaka uliofuata kaunti haikunipa mkataba wa kufundisha, wala haikunieleza kwa nini. Nilishona nguo kwa miaka miwili. Darasa la jikoni halikufungwa. Hadi kufikia mwaka 1974, watu zaidi ya elfu moja walikuwa wamepita mezani pale, na nilijua mwandiko wa kila mmoja.

Mwaka huo mipaka ya uchaguzi ilichorwa upya, na kwa mara ya kwanza wapiga kura Weusi wa eneo letu wakawa wengi kuliko Weupe. Wengi kidogo tu. Maana yake ilikuwa rahisi: tukisimamisha mtu mmoja, tunashinda. Tukisimamisha wawili, tunagawana kura, na yule mbunge wa zamani anarudi zake bungeni Columbia akipiga mluzi. Makanisa saba ya kaunti yakakubaliana kwamba Mount Nebo, lililo kubwa kuliko yote, lichague mgombea, na yeyote tutakayemchagua, wao watamfuata.

Tulikutana Jumapili moja ya Machi, baada ya ibada. Mama Sabra alitaja jina langu. Marehemu Shemasi Hezekiah Prioleau, baba yake Julius na mwenyekiti wa mashemasi wakati ule, alitaja jina la Mchungaji.

"Dada Mazyck ni hodari, hakuna anayebisha," alisema Shemasi. "Lakini mwanamke, peke yake, Columbia? Atalala wapi?"

"Kitandani," alijibu Mama Sabra. "Huyu mbunge tuliye naye sasa hulala bungeni, na sijakusikia ukiuliza."

Kanisa likacheka hadi Shemasi akagonga meza.

Hapa nieleze desturi zetu mbili, kwa ajili ya wageni watakaokuwa nasi Jumamosi. Ya kwanza: kura zetu si za karatasi. Jina hutajwa, wanaomtaka husimama, katibu huwahesabu. Waliotajwa hutoka nje, ili mtu asisimame kwa kuona haya. Ya pili: mchungaji akiingia kwa mlango wa pembeni mwa mimbari, kila mtu husimama, na hakuna anayeketi kabla yeye hajaketi. Hiyo haikuandikwa popote. Tumezaliwa magoti yetu yakiijua.

Basi tulitoka. Mchungaji alikwenda ofisini mwake, chumba kilicho nyuma ya mlango ule wa pembeni. Mimi nilikwenda jikoni mwa kanisa, nikaanza kukwangua sufuria ya bamia.

Jina langu lilitangulia. Nikasikia mabenchi yakilia, kisha katibu akihesabu. Alifika mia moja na kumi na kitu, halafu akanyamaza. Mabenchi yote yakalia kwa pamoja, na baada yake nikasikia kicheko kikubwa.

Kilichotokea ni hiki. Katibu akiwa katikati ya hesabu, mlango wa pembeni ulifunguka na Mchungaji akaingia. Waliokuwa wameketi wakaruka, wakasimama kama wenzao. Katibu akabaki na penseli hewani, hajui tena nani amesimama kwa ajili ya nani.

"Lo!" Mchungaji alisema. "Nilidhani mmemaliza."

Watu wakacheka. Shemasi Prioleau akagonga meza, akatangaza kwamba hesabu imeharibika na tutaanza upya, safari hii kwa jina la Mchungaji kwa kuwa amekwisha kuwamo. "Wanaomtaka Mchungaji Gaillard, wasimame!" Lakini wote walikuwa wamesimama tayari, na Mchungaji mwenyewe alikuwa amesimama kando ya mimbari. Hakuna aliyeketi. Shemasi akazungusha macho ukumbini. "Nawaona wote," alisema. "Anayepinga aketi." Akangoja kidogo. "Hayupo."

Mama Sabra ndiye aliyekuja jikoni kunieleza. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Miaka sabini nimesimama mchungaji akiingia, mwanangu," aliniambia. "Nilitaka kuketi. Haki ya Mungu nilitaka. Magoti yakakataa."

Nilimvutia kiti, nikamwambia apumzike, amesimama vya kutosha.

Mchungaji alifika baada yake, kofia mkononi. "Mwalimu," alisema, "sitaiweza kazi hii bila wewe."

"Najua," nilimjibu.

Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini sikudai kura irudiwe. Jibu ni lile nililokuwa nikilifundisha jikoni kwangu: tukiwa wawili, tunashindwa. Nilikuwa na watu zaidi ya elfu moja ambao niliwaambia kura yao ina thamani. Singeweza kuipasua katikati kwa sababu ya uchungu wangu. Nikatembea nyumba kwa nyumba nikimwombea kura Mchungaji Gaillard, na kila mlango uliofunguliwa, mtu aliniuliza, "Lakini Mwalimu, si ni wewe?" Nikasema hapana, si mimi. Nililisema neno hilo tangu Machi hadi Juni. Alishinda mchujo wa Juni kwa kura mia tatu na kumi na moja, na baada ya uchaguzi wa Novemba akaenda Columbia, Mweusi wa kwanza kutoka kaunti hii tangu enzi za babu wa babu zetu waliotoka utumwani.

Kazi aliyoifanya huko haihitaji kutiwa chumvi, nami nimejaribu mara kadhaa kuipunguza, ikakataa kupungua.

Aliongea bungeni kama anavyohubiri. Mwaka wake wa kwanza, alipotetea mswada wa mabasi ya shule, alipandisha sauti hadi mzee mmoja wa upande wa pili, mtu aliyekuwa amekula kiapo kuupinga, akasema "Amina!" kabla hajajizuia. Spika akauliza kama hilo liandikwe. Mchungaji akasema, "Liandikwe, Mheshimiwa Spika, na hesabu ya sadaka ifuate." Mswada ulipita. Hotuba ile niliiandika mimi, isipokuwa hilo la sadaka, na hilo ndilo watu wanalolikumbuka.

Barabara ya Cutler Neck ilikuwa ya udongo hadi mwaka 1979. Kamati ya barabara ya Columbia ilikuwa imekataa maombi yetu mara nne, kwa barua nzuri sana. Nilimshauri Mchungaji asiandike tena. Awaalike wanakamati kwenye ubatizo, mtoni, mwezi wa mvua, bila kuwaambia wavae nini. Wakaja na viatu vya ngozi. Kutoka kwenye magari hadi mtoni ni mwendo wa dakika kumi, na wawili walifika wakiwa na soksi tu. Lami iliwekwa mwaka uliofuata. Wazo lilikuwa langu, viatu vilikuwa vyao, na barabara ikaitwa Barabara ya Ezra Gaillard. Barabara hiyo hupita mbele ya nyumba yangu, na duka la mikate liko upande wake wa pili. Kila asubuhi napita juu ya jina lake.

Halafu kuna jambo la ardhi, ambalo ninaamini ndilo kubwa kuliko yote. Wazee wetu waliacha mashamba bila wosia, kwa hiyo kila shamba likawa mali ya wajukuu wote kwa pamoja, walioko hapa na waliohamia New York. Mjukuu mmoja asiyelijua shamba huuza sehemu yake kwa mgeni, mgeni huenda mahakamani, na mahakama huuza shamba lote mnadani, pamoja na makaburi. Familia zilikuwa zinapata habari siku trekta linapofika. Mchungaji alipambana miaka kumi na moja ili sheria iilazimishe mahakama kuwapa jamaa notisi ya siku tisini. Mwanzoni aliomba notisi ya mwaka mzima. Alipata siku sitini, akarudi mwaka uliofuata, akapata tisini. Familia nane za kanisa hili bado zinalima kwao kwa sababu hiyo. Mimi ndiye niliyekwenda makaburini kunakili majina ya marehemu ili tuwe na ushahidi, lakini ni yeye aliyesimama mbele ya watu waliomcheka usoni, mwaka baada ya mwaka, na hakuwahi kurudi Ashmead na kisingizio. Niwe mkweli: sidhani ningevumilia kuchekwa miaka kumi na moja. Hilo nalo nimemwonea wivu.

Hakuwahi kupokea zawadi isiyoweza kuliwa siku hiyohiyo. Hakuwahi kukosa mazishi kwa sababu ya kikao, ingawa alikosa vikao vingi kwa sababu ya mazishi. Mkewe, Bi. Corrie, amemlea pamoja na watoto wao wanne, na anasema watoto ndio waliomaliza kukua.

Kuhusu ile Jumapili ya Machi, ikawa kichekesho cha kanisa. Kila mwaka, kwenye chakula cha kuadhimisha miaka ya mchungaji wetu, mtu husimama na kusimulia habari za mtu aliyeshinda uchaguzi kwa kuingia mapema. Nimecheka mara thelathini na mbili. Nilikiweka hata katika rasimu ya kwanza ya wasifu huu, kwa ucheshi wote nilioweza, nikampelekea Mchungaji aisome na kuangalia tarehe.

Jumatano moja ya Oktoba, saa sita mchana, alikuja nyumbani kwangu na rasimu mkononi. Corrie alimleta na gari, lakini hakushuka. Corrie hajawahi kupita mlango wangu bila kuingia kuuliza nimepika nini, kwa hiyo nikajua kuna jambo.

Mchungaji aliketi, akagonga ukurasa kwa kidole. "Hii ya kuingia mapema, Mwalimu. Si kweli."

"Nimekosea tarehe?"

"Tarehe ni sawa. Ila sikudhani mmemaliza."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mlango wa ofisi yake una kioo kidogo kwenye usawa wa macho. Alikuwa amesimama nyuma yake tangu jina langu lilipotajwa.

"Niliwahesabu kabla ya katibu," alisema. "Akina mama wote. Kwaya yote. Nusu ya wanaume. Hata Julius Prioleau, nyuma ya mgongo wa baba yake. Mia moja na arobaini kati ya mia mbili. Ulikuwa umekwisha kukipata kiti, Theodosia. Nilijua nikifungua mlango watasimama wote. Nikafungua."

"Ukabaki umesimama."

"Nikabaki nimesimama. Pa kuketi palikuwa hatua mbili."

Nilimuuliza kwa nini, na alinijibu kwa neno moja ambalo nilidhani katika kanisa hili ni mali yangu peke yangu. Wivu.

"Nimewazika baba zao," alisema. "Nimewabatiza watoto wao. Na mtu yuko hoi kitandani, nimemshika mkono, namsomea zaburi, anafungua jicho moja ananiuliza, 'Mwalimu Mazyck anapita saa ngapi?' Nilirudi nyumbani siku ile nikakataa chakula."

"Nani huyo?"

"Kaka Pinckney Dill. Alitaka umsomee barua ya pensheni."

"Nilimsomea."

"Najua ulimsomea!" alisema, na baada ya miaka yote hiyo bado alikuwa na hasira.

Nilimwambia kwamba kutoka kwake hadi kwangu ni mitaa mitatu, nikamuuliza ilikuwaje safari ikachukua miaka thelathini na miwili.

"Kila mwaka mlipocheka, njia iliongezeka," alisema.

Akaniomba niliandike jambo hili kama alivyolisema. Alisema Jumamosi ya sherehe akiingia ukumbini watu watasimama, naye hataki wasimame bila kujua. Sikumkaribisha chakula. Wali mwekundu ulikuwa jikoni, harufu yake imejaa nyumba nzima, na sote wawili tulijua. Aliinuka, akaenda zake garini.

Niliandika kurasa nne usiku ule, na asubuhi yake nikazisoma kwa sauti. Zilikuwa kali na zilipangika vizuri, na zilikuwa na makosa, kwa sababu ziliiacha nje barabara, na zile familia nane, na miaka kumi na moja ya kuchekwa. Nimefundisha watoto wa watu kwamba jibu likiacha nje nusu ya swali halipewi alama. Nikazichana, nikaanza upya.

Nikampigia simu Shemasi Julius, nikamsomea sehemu ya kioo cha mlango. Nilitegemea aniambie kamati haiwezi kuchapa kitu kama hiki kwenye programu yenye picha ya maua.

"Kumbe aliniona," alisema. "Mwalimu, mimi sikumwambia mzee wangu hadi anakufa. Tutachapa."

Nilidhani nikiujua ukweli wivu wangu utakwisha, kwa kuwa sasa najua nilichonyang'anywa na aliyeninyang'anya. Uliongezeka, na ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwa nini. Si kiti tena. Kiti kimefanya kazi yake, na kijana aliyekirithi ni mjukuu wa mwanamke niliyemfundisha kuandika jina lake. Ni kwamba siku ile watu mia moja na arobaini walisimama kwa ajili yangu, kwa hiari yao, wakiwa na uhuru wote wa kuketi, na aliyewaona ni yeye. Mimi nilikuwa jikoni. Kwa miaka thelathini na miwili ameibeba picha ambayo ilikuwa yangu, na mimi sijawahi kuiona.

Kwa hiyo Jumanne iliyofuata nilitembea ile mitaa mitatu. Corrie alinifungulia, akanitazama, akaenda kuzima televisheni. Nilimwambia Mchungaji anieleze walivyosimama. Alidhani nataka idadi. Nikasema hapana, nataka watu, mmoja mmoja.

Akafumba macho, akaanza benchi la mbele kulia. Mama Sabra, wa kwanza kuinuka, kabla hata Shemasi hajamaliza kulitaja jina langu. Dada Eulalie, aliyempa jirani mtoto wake ili asimame wima. Ndugu wawili wa Cutler Neck waliokuwa hawasemezani, kila mmoja akijifanya hajamwona mwenzake. Mpiga kinanda, ambaye alisimama na mkono mmoja bado juu ya kinanda. Kaka Dill, aliyevua kofia ambayo hakuwa ameivaa, akajishika kichwa tu. Benchi baada ya benchi, kwa ile sauti yake, bila haraka, hadi mlango mkubwa. Alipofika kwa Julius alitabasamu. Wengi wao tumewazika. Ilichukua saa mbili na nusu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1962 sikumwona akirefusha.

Nililia. Yeye pia. Corrie alituletea kahawa, akatuambia tulie polepole, majirani wasije wakadhani kuna msiba.

Sijamsamehe yote, naye hakuniomba yote. Lakini amenirudishia mia moja na arobaini, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nao wa kunirudishia.

Mchungaji, kwa niaba ya Mount Nebo, ya makanisa yale saba, na ya wote waliopanda ngazi za ofisi yetu wakiwa na barua wasiyoielewa, tunakushukuru kwa kila mwaka. Uwe na asubuhi nyingi zisizo na kikao, na macho ya kusomea unachokipenda. Bi. Corrie naye apate mume nyumbani, aone kama anamtaka. Na Jumamosi, wewe ingia tu. Wanaojua wameshajua, na kila mmoja ataamua mwenyewe na magoti yake. Mimi yangu nimekwisha kuyauliza, na safari hii nitakuwa ndani ya ukumbi.

Theodosia R. Mazyck
Katibu wa ofisi ya mbunge, 1974–2006